Kwa Nini Mama Yuko kwenye Ukungu

4 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Huku mimi mzima, meno yote yapo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja tu na linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo usiniulize habari za mji, niulize habari za ukuta. Mkazamjomba hajambo? Goti lake limepoa? Na ile cherehani aliyokuwa anaililia, umemnunulia au bado unampiga kalenda? Wanao nawasalimia wote, na yule mkorofi mwambie namwona huku huku niliko. Mama nimemwandikia mara mbili, kimya. Mpitie umwambie mistari miwili inatosha, asijali mwandiko.

Sasa Mjomba, nimeharibu kazi. Studio yetu, kama nilivyokueleza, inapiga picha za pamoja: wafanyakazi wa viwandani, walimu, timu za mpira. Bosi wetu mwanamke tunamwita Pasi, maana hapendi kuona hata mkunjo. Mimi niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Juni. Nikifaulu naajiriwa, nikivurunda nafungasha. Basi juzi nikatumwa peke yangu kiwanda cha sabuni. Nikawapanga watu mistari minne ndani ya ghala, nikaweka fokasi vizuri kabisa kwa wale wa mbele, nikapiga. Picha kusafishwa, wa mbele unaona mpaka vifungo vya mashati. Wa nyuma ni ukungu mtupu. Na nyuma ndiko alikosimama meneja, kwa sababu ni mrefu kama mlingoti.

Pasi aliweka picha mezani akauliza, "Hawa wa nyuma ni wafanyakazi au mizimu?" Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Wenzangu wanasema ni mambo ya tundu la lenzi, halafu kila mmoja ananieleza lake, nazidi kuchanganyikiwa. Nilikulia studioni kwako nikibandika picha kwenye bahasha na kupiga domo, sikujifunza kitu. Nifundishe, Mjomba. Usingizi sipati.

Mpwa wako,
Chiriku

23 Februari

Chiriku,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mkazamjomba liko pale pale, linauma akitumwa, likitajwa soko linapona. Cherehani nimenunua. Kelele za kudai cherehani zimeisha, zimeanza kelele za cherehani yenyewe. Mkorofi kavunja kioo cha jirani na anasema ni upepo.

Nimecheka sana kwa huyo meneja, nisamehe. Sasa sikiliza, na safari hii funga mdomo ufungue masikio. Ndani ya lenzi kuna tundu linalofunguka na kujifunga kama mboni ya paka. Namba ndogo ni tundu kubwa, namba kubwa ni tundu dogo. Najua imekaa kinyume, aliyeipanga alikuwa na kisirani chake, wewe ikariri hivyo hivyo. Tundu likiwa wazi sana, tuseme namba mbili, lenzi inakamata kipande chembamba tu cha dunia: macho ya mtu yanakuwa makali, masikio yake yameshaanza kufifia. Ukifunga mpaka kumi na moja au kumi na sita, kile kipande kinanenepa, kinameza wa mbele mpaka wa nyuma. Wewe ghalani uliona giza, ukaogopa, ukafungua tundu lote. Hapo ndipo ulipomzika meneja.

Utaniuliza, mbona watu hawafungi tundu siku zote? Kwa sababu tundu dogo linaingiza mwanga kidogo, kwa hiyo lazima shata, ule mlango mdogo unaofunguka ukibonyeza, ikae wazi muda mrefu zaidi, na ikikaa wazi kila anayetikisika anaharibika. Ndiyo maana ya kamera kukaa kwenye miguu mitatu, na ndiyo maana ya flashi. Na fokasi usiwape wa mbele. Wape mstari wa pili, kwa sababu ule unene unakwenda mbele kidogo na nyuma zaidi.

Usiniamini mimi. Chukua chupa tatu za soda, zipange moja nyuma ya nyingine, piga kwa namba mbili, kwa tano na nusu, kwa kumi na sita. Kamera usiisogeze. Ukimaliza utajua kuliko hao wenzako.

Nakutumia picha ya mkazamjomba na cherehani yake barazani, ameng'ang'ania kupigwa kama bibi harusi. Yule nyuma mlangoni ni mama yako. Hajambo, anakusalimu, anasema ushike kazi.

Mjomba wako

16 Machi

Mjomba, shikamoo tena na tena.

Nimepona! Sikuwa naumwa, lakini nimepona. Pasi alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni napiga picha chupa za soda, akasimama, akatikisa kichwa, akapita. Picha zilipotoka nilizipanga kwenye kitanda nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu. Namba mbili, chupa ya kwanza naisoma mpaka maandishi, ya tatu ni doa. Kumi na sita, zote tatu zimesimama kama askari. Siku yangu ya mapumziko nikarudi kiwandani, nikawaomba radhi, nikawapiga upya kwa miguu mitatu na flashi mbili. Meneja sasa anaonekana mpaka nywele za puani. Pasi aliitazama, hakusema kitu, na kwa Pasi hiyo ni sherehe.

Mpe mkazamjomba hongera, cherehani imempendeza. Lakini Mjomba, mama mbona yuko kwenye ukungu? Mkazamjomba amekamata vizuri, mpaka sindano naiona, halafu mama pale mlangoni ni kama meneja wangu. Umezeeka au ndiyo ulikuwa na haraka? Natania, usinune. Nipigie nyingine, mama akiwa mbele. Na barua yake bado sijaipata. Kaninunia? Kama ni kwa sababu sikuja mwezi wa kwanza, mwambie nitaomba ruhusa nije hata siku mbili.

Nakuuliza na jingine la kazi: ukimpiga mtu mmoja karibu, usoni, inakuwaje?

Chiriku

28 Aprili

Chiriku,

Samahani nimechelewa, kulikuwa na kazi nyingi, shule zimeleta wanafunzi wa vitambulisho, huyu kafumba macho, yule katoa ulimi. Sote wazima. Cherehani imeshashona mapazia ya nyumba nzima, sasa inaniangalia mimi.

Kuhusu uso. Ukimsogelea mtu, kile kipande nilichokwambia kinazidi kukonda, hata ukiwa na namba ile ile. Ukirudi nyuma kinanenepa. Na ukitumia lenzi ndefu ukabaki pale pale, kinakonda vilevile. Kwa hiyo una vitu vitatu mkononi: tundu, umbali na lenzi. Karibu na namba ndogo, nyuma ya mtu panayeyuka pote. Hiyo ni nzuri kwa picha ya mchumba. Mchumba yupo? Au na yeye ni habari za ukuta?

Kuhusu ile picha ya barazani, mwanga ulikuwa mdogo, nililazimika kufungua. Usiniulizeulize kama hakimu. Nakutumia nyingine, watoto wanaosha baiskeli uani, na mama yako yupo pale kwenye kiti. Hapendi kusogelewa na kamera, unamjua dada yangu. Hajakununia. Mkono wake unamuuma kidogo, ndiyo maana haandiki.

Habari za kuja kabla ya mwisho wa Juni zifute kichwani. Maliza majaribio yako. Mama yako anasema hivyo na mimi nasema hivyo.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Mkazamjomba na watoto nawasalimia. Nisamehe kwa haya nitakayoandika, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Picha ya baiskeli nimeiweka ukutani, nikaitoa, nikaiweka tena. Nimeitazama mpaka macho yananiwasha. Kivuli cha baiskeli ni kifupi, cheusi, kiko chini yake kabisa. Hilo ni jua la utosi. Tena mkorofi kamwagia mwenzake maji, na yale matone yamesimama hewani, kila moja peke yake kama shanga. Matone hayasimami hivyo mpaka shata iwe imekwenda mbio sana. Sasa, kwa jua lile, mpiga picha yeyote angeweka kumi na sita, au tuseme kumi na moja, angewapata watoto, kiti, ukuta, na kuku wa jirani. Wewe ulifungua tundu mpaka mwisho, ukakimbiza shata ili filamu isiungue, ukawasogelea watoto, na mama ukamwacha kule nyuma azame. Hiyo si bahati mbaya. Umeifanyia kazi.

Umenifundisha mwenyewe, Mjomba. Tundu na umbali, vyote viwili umevitumia kunifichia mama yangu.

Kuna kitu kingine. Barazani ni kwako. Uani ni kwako. Mama ana nyumba yake, ana bustani yake ambayo haiachi hata siku moja, kwa nini kila picha yuko kwako? Na tangu lini mkono ukiuma kidogo mtu anashindwa kumwambia mtoto amwandikie?

Nina hasira na nina woga, na sijui kipi kikubwa. Nataka picha moja. Mama peke yake, karibu, akiniangalia, namba kumi na sita. Usipoileta nitajua ni kwa nini.

Mpwa wako

27 Mei

Mjomba,

Sijapata jibu. Kazini napiga watu nikiwa sipo. Jana niliwapanga walimu wa shule nzima, nikawaambia wacheke, nikasahau kuondoa kifuniko cha lenzi, wakacheka wao kweli kweli. Nikisikia baiskeli ya mtu wa posta natoka nje na kandambili mguu mmoja. Naandika hii nimesimama. Niambie chochote, hata kibaya. Huku kukisia kunanimaliza kuliko hilo lenyewe.

Chiriku

2 Juni

Mwanangu,

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya kwanza nimetembea nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mkunjo. Sikujua nikujibu nini, na kila nilipokaa kuandika niliinuka.

Mama yako anaumwa. Ni uvimbe tumboni. Uligunduliwa wewe ukiwa umeshaondoka, akafanyiwa upasuaji wa kwanza Januari, na tangu hapo anakaa kwangu. Dawa walizompa zimemkondesha na zimemmaliza nywele. Daktari anataka kumpasua tena tarehe ishirini mwezi huu. Nilimuuliza atapona, akasema watajitahidi, na sikumuuliza tena. Hayo ndiyo ninayoyajua. Sijakuficha jingine.

Alinikamata mkono akaniapisha nisikwambie mpaka majaribio yako yaishe. Alisema, "Akijua atakuja mbio, kazi itapotea, halafu atakaa hapa kunitazama kama anayengoja sufuria ichemke." Ulipoanza kulalamikia kimya chake nilibanwa. Nisipokuonyesha hata picha, utashtuka. Nikikutumia picha safi, utaona. Ndipo nikafanya nilichofanya. Nimewapiga watu picha maisha yangu yote na sijawahi kumpiga mtu ili asionekane. Nilikuwa naona aibu nikiwa chumba cha giza nikizisafisha, peke yangu, hakuna hata wa kunitazama. Nisamehe, Chiriku.

Barua yako ya matone nilimsomea juzi, baada ya kuzunguka nayo weee. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakohoa, mkazamjomba akaja mbio na maji. Kisha akaniambia, "Si umemfundisha wewe mwenyewe? Sasa unashangaa nini?" Baadaye akasema nilete kamera.

Nilitaka akae pembeni ya pazia, mwanga uwe mpole. Akakataa, akasema hajaomba kupendezeshwa. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, akakifungua mwenyewe akakiweka mapajani. Nikaweka miguu mitatu, namba kumi na sita, nikamwambia shata itakaa wazi kidogo kwa hiyo asitikisike. Hakutikisika. Aliyetikisika ni mimi. Ya kwanza niliharibu, ya pili pia, akaniambia, "Wewe, kama huwezi mwite mkeo apige." Ya tatu ndiyo hii.

Itazame ukiwa umekaa. Sikuambii uje wala usije. Nimeshaamua vya kutosha kwa niaba yako.

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Niliitazama nikiwa nimesimama, kwa ubishi, halafu nikakaa.

Kila kitu kimekamata. Nilitafuta pa kukimbilia kwenye picha ile sikupata. Mifupa ya mabega naiona chini ya gauni. Bangili yake ambayo ilikuwa haitoki bila sabuni imepanda mpaka karibu na kiwiko. Chupa za dawa kwenye rafu nyuma yake nazisoma moja moja. Halafu kuna macho. Ananiangalia kama anavyoniangaliaga nikirudi nimechelewa, anangoja nianze mimi kujieleza. Nimelia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi, nikalia tena mbele za watu na sikujali.

Na wewe nimekukasirikia, sikufichi. Tangu Januari, Mjomba! Mama amepasuliwa na mimi nakuandikia habari za ukuta. Unaniandikia vichekesho vya goti, mama yuko chumba cha pili anatapika dawa. Nikikumbuka naona joto kichwani. Nitakusamehe, najua nitakusamehe, lakini bado, na usinichekeshe kwanza.

Nilikwenda kwa Pasi nikamwomba ruhusa. Nikamwonyesha picha, kwa sababu maneno yaliniisha. Aliishika kwa ncha za vidole akaitazama muda mrefu. Akaniambia pole, na sauti yake ilikuwa ya pole kweli. Kisha akasema Juni ndiyo mwezi wa shule na viwanda, hawezi kubaki na kamera bila mtu, na nikiondoka kabla ya mwisho wa mwezi nafasi ataipata mwingine. Nikamwambia sawa. Nikaweka kamera yake mezani, nikafunga kifuniko cha lenzi, nikatoka. Miguu ilijua inakwenda wapi.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo, atakuletea studioni. Mimi nakuja na la Ijumaa, ndilo lenye nafasi, na hizi siku za katikati sijui nitazimalizaje. Nimeshafungasha, nimefungua begi, nimefungasha tena.

Usimtayarishe mama. Kama atakuuliza, mwambie ukweli, uongo hatuuwezi tena, wala wewe wala mimi. Najua atakasirika. Atasema nimetupa kazi, atasema wewe huna kifua, atatusema wote wawili mpaka mishipa ya shingo imsimame. Acha akasirike, Mjomba. Nataka niwe nimekaa pale karibu naye, nimwone anavyokasirika.

Mpwa wako,
Chiriku